Damu Iliyopelekwa Nairobi

Majibu ya Nairobi yalifika Singida asubuhi, na Inspekta Harding aliyasoma akiwa amesimama dirishani. Alipomaliza alimsukumia karatasi Sajini Melkizedeki Kiula juu ya meza. Kiula aliisoma mara mbili. Ilikuwa fupi. Asidi ya foliki katika damu ya mtoto Marko Petro: kiwango cha kawaida.

"Daktari wako alisema damu ya mtoto imekosa kitu," Harding alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limesimama peke yake. "Nairobi wanasema haijakosa. Basi?"

"Bado sijaelewa, bwana."

"Mimi nimeelewa. Jumatatu yule mwanamke anakwenda kwa hakimu. Kumuua mtoto wa kwanza, kujaribu kumuua wa pili."

Kiula alikunja karatasi akaitia mfukoni. Kesi hii alikuwa nayo tangu mwanzo, na kila alipoigusa ilikuwa baridi vilevile.

Marko alikuwa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza mwaka, wa kijiji kimoja karibu na Nduguti. Mama yake, Anastasia, alifariki baada ya kujifungua mapacha. Pacha wa kike, Dina, alichukuliwa na bibi yao mzaa mama, Cecilia, akanyonyeshwa na mama yake mdogo aliyekuwa na kichanga chake. Wa kiume akabaki kwa baba yake, Petro, na haukupita muda Petro akaoa mwanamke aliyeitwa Yunisi ili apate wa kumlea. Walipofikisha miezi tisa Dina alikuwa anajivuta kwa kushika ukuta, Marko hawezi hata kukaa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga, ulimi mwekundu umechubuka, anaharisha, shingo haishiki. Ndipo Bibi Cecilia alipokwenda polisi akasema mama wa kambo anamlisha mtoto sumu. Akaongeza neno moja lililomkaza Harding: kabla ya kuolewa na Petro, Yunisi alikuwa amelea mtoto wa marehemu dada yake, aliyeitwa Luciana, na Luciana naye alinyauka hivihivi mpaka akafa.

Polisi walipopekua nyumba walikuta uvunguni debe la dawa ya kuogeshea ng'ombe, sumu ya kutosha kijiji kizima. Harding alifurahi siku ile. Kiula alilichukua lile debe, akajaribu kulifungua kwa mkono, akashindwa. Kifuniko kilikuwa kimeshikana kwa kutu. Alikigonga kwa nyundo mpaka kikaachia, na ndani dawa ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Hakuna aliyewahi kuchota hata kijiko.

"Sumu ziko nyingi," Harding alisema wakati ule, na leo alilirudia alipomwona Kiula akielekea mlangoni. "Sumu ziko nyingi, Sajini. Na mtoto amepata nafuu tangu tumtoe mikononi mwake. Hilo unalijibu vipi?"

Kiula alipiga saluti akatoka.

*

Daktari Leonidas alikuwa Mhaya aliyesomea Makerere, mrefu, mwenye tabia ya kuongea huku akifanya kazi nyingine. Alikuwa anaosha mikono Kiula alipoingia. Alisoma karatasi ikiwa mezani, mikono ikimdondoka maji.

"Haiwezekani," alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Nimeiona damu yake kwa darubini, Sajini. Chembe nyekundu ni chache, na hizo chache ni kubwa kupita kiasi, kama mikate iliyoumuka vibaya. Hiyo si damu ya mtu aliyelishwa sumu. Ni damu iliyokosa cha kuijenga." Alijifuta mikono polepole. "Ile chupa ilisafiri na nini?"

"Lori la vitunguu. Ulisema gari la kwanza linalokwenda Arusha. Kutoka pale ikapanda basi."

"Barabara ya Hanang, mashimo matupu."

"Ndiyo."

Daktari alikunja mkono wa shati, akamwita nesi, akatolewa damu yake mwenyewe katika vichupa viwili. Kimoja alikisimamisha kwenye kibao. Cha pili alimpa Kiula.

"Kitikise. Kwa nguvu. Fikiria uko juu ya vitunguu unapita Hanang."

Kiula alikitikisa mpaka mkono ukachoka. Wakaviacha vyote viwili vitulie, daktari akaenda kuona wagonjwa, Kiula akabaki kwenye benchi akitazama ukuta. Daktari aliporudi, damu ya kichupa cha kwanza ilikuwa imeganda chini, na juu yake yamejitenga maji ya rangi ya majani makavu. Katika kile kilichotikiswa maji hayo yalikuwa mekundu.

"Chembe zimepasuka," Daktari Leonidas alisema. "Sasa sikiliza. Nairobi hawapimi damu nzima. Wanapima haya maji ya juu. Lakini asidi ya foliki, vitamini hii tunayoitafuta, imejaa zaidi ndani ya chembe kuliko kwenye maji. Chembe zikipasuka njiani, zinamwaga kilichomo, na maji yanaonekana yana utajiri ambao hayana. Hata ya mtoto aliyekaukiwa yanaweza kusomeka kama ya mtu mzima mwenye afya."

"Kwa hiyo Nairobi hawakukosea."

"Walipima walichopelekewa."

Kiula aliviangalia vile vichupa. "Mtoe Marko damu nyingine."

"Nimekwisha kumpa vidonge vya vitamini hiyohiyo. Nilianza siku ileile nilipomtoa damu, siwezi kumwacha mtoto afe nikisubiri posta. Damu ya leo itasema anayo, kwa sababu mimi ndiye niliyempa."

"Na kwa vidonge hivyo amepona."

"Anapona. Nenda kamtazame, jana ameshika kijiko."

"Inspekta anasema amepona kwa sababu tumemtoa kwa Yunisi."

Waliangaliana. Kupona kwa mtoto kulikuwa kunawatolea ushahidi wote wawili, daktari na mshtaki, kwa sauti ileile.

"Ninayo akiba," daktari alisema mwishowe. "Mwalimu wangu alinikataza kutuma damu yote mahali pamoja. Siku ile nilibakiza kidogo, nikaiacha itulie, nikayanyonya maji ya juu. Yako kwenye sehemu ya barafu ya friji. Ni ya kabla ya kidonge cha kwanza."

"Yana rangi gani?"

Daktari alikwenda kuyatoa, akayainua dirishani. Yalikuwa ya njano.

Kiula alifikiri kama atakavyofikiri Harding. "Inspekta atasema yameharibika kwa kukaa. Kwamba hiyo vitamini ilikuwepo, ikaisha humo frijini."

"Anaweza kusema hivyo, na si neno la kipumbavu."

"Una maji ya damu ya mtu mwingine, ya siku ileile, yaliyokaa humohumo?"

Daktari alimwangalia, kisha kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu kidogo. Siku Marko alipoletwa, baada ya kutolewa ile damu ya kupimwa, aliongezwa damu, na aliyetoa damu hiyo alikuwa Kiula, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo na damu yake ilikubaliana. Kipimo cha kulinganisha damu zao kilibakiza maji kidogo. Yalikuwa kwenye barafu ileile, pembeni ya ya mtoto.

Waliandika Namba Moja kwenye chupa ya sajini na Namba Mbili kwenye ya mtoto, bila jina. Wakazitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu. Ndege ndogo ya serikali ilitua mchana ule kuleta barua, na Kiula alimpa rubani mzigo ule mkononi, akamweleza asiuweke sakafuni, aubebe mapajani.

"Wanapimaje?" Kiula alimuuliza daktari walipokuwa wanarudi kutoka uwanjani.

"Wana vijidudu visivyoweza kukua bila vitamini hii. Wanavitia ndani ya maji ya damu, wanasubiri. Vikistawi, ipo. Vikidumaa, haipo. Hakuna anayeweza kuvifundisha uongo." Akasimama. "Lakini kipimo kitasema imekosekana tu. Hakitasema kwa nini. Nenda kanitafutie mtoto huyu alikuwa anakula nini."

*

Bibi Cecilia alikuwa uani kwake anaanika majani ya mlenda juu ya jamvi. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sauti isiyopanda wala kushuka tangu afiwe na binti yake. Dina alikaa kando yake chini, mdomo umepakaa kunde zilizopondwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemleta Marko?"

"Bado yuko hospitali. Anaendelea vizuri."

"Kwa kuwa hayuko naye," Bibi Cecilia alisema. Walikuwa wanaongea Kinyiramba sasa, na maneno yake yalitoka mafupi zaidi.

"Dina anakula nini, mama?"

"Tunachokula. Mlenda, kunde, maharage. Mama yake mdogo bado anampa ziwa."

"Na maziwa mengine?"

"Ya yule mbuzi." Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya zizi alifungwa mbuzi jike mweupe. "Wa Yunisi. Mlipomkamata nilimchukua, angekufa kwa kiu. Namkamua asubuhi na jioni."

"Dina anayanywa?"

"Anayanywa. Kila siku."

"Hayajamdhuru?"

"Mbuzi ana kosa gani?"

Kiula alimtazama mtoto. Mashavu yalikuwa yamejaa. Kama sumu ingekuwa kwenye maziwa, au kwenye majani anayokula mbuzi yule, ingeonekana hapa.

"Uliniambia ulimpelekea Marko chakula kikakataliwa."

"Nilipeleka mlenda, nimeuponda mwenyewe. Yunisi aliupokea, akanishukuru, kisha akaumwaga mbele yangu. Kuku wakala."

"Kuku walidhurika?"

Bibi Cecilia aliinua uso. "Wangedhurikaje? Mimi ndiye niliyepika." Aligeuza majani upande wa pili. "Mtu asiye na la kuficha anamwaga chakula cha bibi ya mtoto? Alikuwa anapika kando. Kibuyu cha mtoto alikitundika juu, hakuna wa kukigusa. Hata Petro mwenyewe haruhusiwi kumpa mwanawe tonge. Nimeishi miaka mingi, sijaona mama anayeficha chakula cha mtoto kama siri ya wezi."

"Maziwa alikuwa anayachemsha?"

"Mpaka yanabadilika rangi. Moto wake ulikuwa hauzimi."

Kiula alishukuru akaaga. Alipofika njiani alisimama kidogo. Kila alichosema yule mama kilikuwa kweli, na kila kimoja kingemtia Yunisi kitanzi.

*

Yunisi alikuwa na miaka ishirini na kitu, lakini rumande ilikuwa imemfanya asiwe na umri. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Hakulia siku aliyokamatwa, na askari walimchukia kwa hilo.

"Marko alikuwa anakula nini nyumbani?" Kiula aliuliza.

"Maziwa."

"Ya ng'ombe?"

"Ng'ombe wako mbugani Wembere na Petro tangu nyasi zikauke. Ya mbuzi."

"Na nini tena?"

"Maziwa."

"Uji? Kunde? Mchuzi wa majani?"

"Hapana."

"Tangu nilipokuona mara ya kwanza unanijibu hivi hivi. Neno moja moja. Unajua Jumatatu unapelekwa wapi?"

"Najua."

"Mlenda wa Bibi Cecilia uliumwaga kwa nini?"

Nje askari walikuwa wanafagia uwanja, na mfagio ulisikika ukienda na kurudi.

"Luciana alipokufa," Yunisi alisema, "watu wazima walikaa wakasema kuna mkono uliomtilia kitu. Siku moja nilimwacha kwa jirani nikaenda kisimani. Wakasema ni siku hiyo. Nilipopewa Marko nikasema huyu hatakula mkono wa mtu. Atakula wangu tu. Nitajua kila kilichoingia mdomoni mwake."

"Kwa hiyo kila kitu ulikimwaga."

"Kila kitu. Walidhani nina kiburi. Mlenda wa mama Cecilia niliumwaga, na najua alinipenda mpaka siku ile."

"Na maziwa, kuyachemsha sana?"

"Kama kuna kitu kimetiwa, moto ukiue."

Kiula alikaa bila kuandika. Mwanamke aliyefungwa kwa kulisha sumu alikuwa ametumia karibu mwaka mzima akimlinda mtoto dhidi ya sumu.

"Luciana naye," aliuliza taratibu, "alilelewa na nini?"

"Hakuwa na mama. Maziwa ya mbuzi." Akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. "Kwa nini unauliza maziwa, bwana sajini?"

"Nauliza kila kitu," Kiula alisema, akaondoka.

Daktari Leonidas alimsikiliza akiwa amesimama katikati ya wodi, na safari hii mikono yake haikufanya kazi nyingine. "Hapo ndipo," alisema. "Maziwa ya mbuzi yana nguvu nyingi, lakini vitamini hii imo kidogo mno. Na hiyo kidogo ukiichemsha na kuichemsha, inaisha. Dina anayanywa hayohayo, ila ana kunde, ana majani, ana ziwa. Marko hakuwa na kitu kingine. Ulaya waliwahi kuona watoto wa namna hii, zamani kabla ya vita."

"Na yule wa kwanza?"

"Sikumpima. Siwezi kuapa juu ya mtoto niliyemkuta kaburini."

*

Nairobi walipiga simu Jumamosi, Harding akapokea mwenyewe. Kiula, aliyekuwa amemweleza habari ya zile chupa mbili, alisimama mbele ya meza akimsikia anasema ndiyo, ndiyo, rudia tafadhali. Alipoweka simu alipangusa miwani yake.

"Namba Moja, vijidudu vilikua vizuri," alisema. "Kiwango cha kawaida kabisa. Wewe una afya, Sajini."

"Na Namba Mbili, bwana?"

"Havikukua. Wanasema hawajapata kuona kiwango cha chini hivyo kwa mtu aliye hai."

Friji moja, barafu moja, siku moja. Harding aligeuza jambo hilo kichwani, na Kiula alimwona akitafuta mahali pa kulipinda, akakosa. Haikuwa tabia yake kuomba radhi. Aliandika amri ya kumwachia Yunisi, akaipiga muhuri, akaisukuma mezani kama alivyoisukuma ile karatasi ya kwanza.

"Alimpa njaa mtoto aliyeshiba," alisema.

"Hakujua, bwana."

"Hapana. Hakujua." Harding alivaa miwani. "Umweleze wewe."

Kiula alimweleza Yunisi akiwa amechuchumaa mbele yake, kwa Kinyiramba, kwa maneno aliyoyapanga njiani. Alisema hakuna sumu. Alisema maziwa ya mbuzi ni mazuri lakini yamepungukiwa na kitu kimoja ambacho damu inakihitaji, kitu kilichomo kwenye majani na kunde na maini, na moto mwingi unakiua. Alisema Marko anapona, kwamba yuko huru, anaweza kutoka sasa hivi.

Yunisi hakunyanyuka.

"Na Luciana?"

"Hakupimwa," Kiula alisema.

"Nimekuuliza wewe."

Jibu la polisi alikuwa amekwisha kulitoa, nalo lilikuwa kweli. Angeweza kulirudia. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na askari wa zamu alikuwa anasubiri na funguo.

"Nadhani ni hayohayo maziwa," Kiula alisema.

Yunisi aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba duka limefungwa. Uso wake haukubadilika. Aliikunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena. Kiula aliendelea kuchuchumaa mpaka magoti yakamuuma, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya. Mwishowe Yunisi alijishika ukuta akasimama.

"Petro anajua?"

"Ametumiwa salamu Wembere. Bado hajajibu."

"Basi nipeleke hospitali."

Walitembea, yeye mbele, Kiula nyuma hatua chache. Watu waliomfahamu walimpisha njiani bila salamu. Habari ya Nairobi ilikuwa bado haijatoka kituoni, na hata ingetoka isingekwenda haraka kama ile ya sumu.

Bibi Cecilia alikuwa amekaa kando ya kitanda, Marko mapajani, bakuli la maini yaliyopondwa na mchicha juu ya stuli. Daktari alikuwa amekwisha kuzungumza naye. Ilionekana kwa jinsi alivyowatazama walipoingia, akaangalia pembeni. Mikono yake ilikuwa na harufu ya moshi. Alikuwa amepika mwenyewe jikoni mwa hospitali.

"Shikamoo, mama," Yunisi alisema.

Bibi Cecilia alikoroga bakuli kwanza.

"Marahaba."

Marko aligeuza kichwa. Shingo yake ilishika. Alimtazama Yunisi, uso ukaanza kukunjamana, kisha akalia na kunyoosha mikono yote miwili. Yunisi alibaki amesimama. Mikono yake ilining'inia, na Kiula aliona vidole vikijikunja ndani ya khanga.

"Mchukue," Bibi Cecilia alisema. "Amekataa kijiko changu tangu asubuhi."

"Mimi nitamfanya nini, mama?"

"Mchukue, nimesema. Chakula kinapoa."

Yunisi alikaa ukingoni mwa kitanda, na yule mama akamweka mtoto mapajani mwake, akarudi nyuma. Marko alinyamaza. Bibi Cecilia alichukua bakuli akamshikia. Yunisi alikitazama chakula kile kwa muda mrefu, maini ya kahawia na majani ya kijani yaliyopikwa na mwingine, kisha akachota nusu kijiko, akakipuliza, akakipeleka mdomoni mwa mtoto.

Marko alimeza. Akafungua mdomo tena.